Masharti ya uzamili yanavyomwondoa mwalimu wa sayansi maabarani

TANGU wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi (CBC) walipoingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, mjadala kuhusu shule za sekondari ya juu umekuwa wa mawe na simiti. Wazazi wanauliza maabara ziko wapi. Walimu wakuu wanauliza fedha za kuzijenga na kuzijaza vifaa zitatoka wapi. Ni maswali ya haki na yanastahili majibu.

Hata hivyo, kuna swali la tatu ambalo halisikiki sana. Mwalimu atakayesimama ndani ya maabara hiyo amesomea nini, na mara ya mwisho alipoketi kujifunza sayansi yenyewe ilikuwa lini?

Swali hili haliulizwi kwa nia ya kumdharau mwalimu. Linatokana na hesabu. Serikali imekuwa ikisema inataka asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati (STEM), na waliosalia wagawane mikondo ya sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Watahiniwa zaidi ya milioni 1.1 walisajiliwa kwa mtihani wa Gredi ya 9 (KJSEA) mwaka wa 2025. Asilimia 60 ya idadi hiyo ni zaidi ya wanafunzi 650,000 katika kila kundi. Si wote watakaosoma fizikia au kemia tupu, kwa kuwa mkondo huo una masomo ya ufundi pia. Lakini hata nusu yao ni mzigo mkubwa kwa nchi ambayo kwa miaka mingi iliwaruhusu wanafunzi kuiacha fizikia walipofika kidato cha tatu.

Katika shule za sekondari msingi, hali ni tata zaidi. Huko sayansi hufunzwa kama somo moja linalounganisha fizikia, kemia na biolojia. Mwalimu aliyehitimu kufundisha biolojia na kilimo hujikuta mbele ya mada ya umeme, na yule wa hisabati na fizikia hutakiwa kueleza mfumo wa uzazi wa mimea. Wote wawili ni walimu waliohitimu, lakini kila mmoja ana nusu ya ramani.

Katika nchi nyingi, mwalimu wa namna hii angeshauriwa arudi chuoni akasomee shahada ya uzamili katika sayansi, iliyoundwa kwa ajili ya walimu. Humu nchini, mwalimu anayetafuta shahada kama hiyo hupata milango mitatu, na hakuna hata mmoja uliochongwa kwa kimo chake.

Mlango wa kwanza ni uzamili wa sayansi tupu, kwa mfano kemia au fizikia. Sharti la kawaida katika vyuo vyetu vikuu ni shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu. Aliyepata daraja la pili la chini huweza kufikiriwa akiwa na uzoefu wa angalau miaka miwili katika kazi inayohusiana na somo hilo. Kisha kuna takriban miaka miwili ya masomo, ikiwemo tasnifu inayotokana na utafiti wa maabarani, na vyuo kadhaa hutaka pia makala iliyochapishwa katika jarida la kitaaluma.

Mlango wa pili ni uzamili wa elimu unaohusu ufundishaji wa sayansi. Humo mwalimu husoma nadharia za mtaala, saikolojia ya ujifunzaji na mbinu za utafiti wa kijamii. Ni masomo yenye manufaa, ila kwa kawaida mwanafunzi huhitimu bila kushika bureti hata siku moja.

Mlango wa tatu, ulio wazi kuliko yote, ni uzamili wa usimamizi wa elimu. Huu hauhitaji maabara wala kifaa chochote. Tasnifu yake aghalabu hukamilishwa kwa hojaji zinazosambazwa katika shule za wilaya moja.

Tumchukue mwalimu mmoja wa kufikirika ili tuone jinsi milango hii inavyofanya kazi. Ana shahada ya elimu ya sayansi, masomo yake ni kemia na biolojia, na amefundisha kwa miaka kumi katika shule ya kutwa huko Kacheliba, Pokot Magharibi. Alihitimu kwa daraja la pili la chini. Angependa kuzama zaidi katika kemia, kwa sababu ndiyo somo linalowashinda wanafunzi wake.

Katika mlango wa kwanza, swali la awali litakuwa daraja la shahada yake. Atajitetea kwa miaka kumi ya kazi. Je, kufundisha kemia ni uzoefu wa kemia? Jibu hutegemea idara na aliyeketi mezani siku hiyo. Akipita hapo, atakumbana na kikwazo cha pili. Shahada ya elimu ya sayansi hugawanya miaka minne kati ya masomo mawili ya kufundisha, masomo ya ualimu na muhula wa mazoezi shuleni. Kwa hivyo kozi zake za kemia ni chache kuliko za mwenzake aliyesomea sayansi tupu. Idara inaweza kumtaka azisome kwanza zile zilizokosekana, kwa gharama yake na kwa muda wake.

Kikwazo cha tatu ni umbali. Maabara za utafiti ziko Eldoret, na safari ya kutoka Kacheliba kupitia Makutano na Kitale si ya kwenda na kurudi kati ya vipindi. Utafiti wa kemia hauwezi kufanywa Jumamosi pekee. Unahitaji likizo ya masomo, na likizo hiyo inahitaji idhini ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Ikiwa yeye ndiye mwalimu pekee wa kemia shuleni, nani atamshikia nafasi?

Mwalimu huyu akifanya hesabu zake vizuri, ataingia mlango wa tatu. Atasoma usimamizi wakati wa likizo za shule, atahitimu baada ya miaka michache, na cheti chake kitakuwa silaha siku atakapoomba unaibu wa mwalimu mkuu. Akiupata, vipindi vyake vya kemia vitapunguzwa. Akipanda tena, vitakwisha kabisa.

Hivi ndivyo masharti yaliyokusudiwa kulinda ubora wa elimu ya juu yanavyoishia kumwondoa mwalimu bora maabarani. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Chuo kikuu kiliweka masharti ya kuwateua watafiti na wahadhiri wa kesho, na kwa kazi hiyo masharti hayo yanafaa. TSC nayo ilihitaji mameneja wa shule, ikaweka masharti ya mameneja. Aliyesahaulika ni yule anayetaka kubaki darasani na kuwa bora zaidi humo.

Suala la cheo na mshahara limeongeza uzito upande huo huo. Chini ya mfumo wa awali, mwalimu aliyejiendeleza kimasomo aliweza kutarajia cheti kipya kimpandishe ngazi. Mkataba wa mishahara wa 2017 hadi 2021 ulipoanza kutekelezwa, ulikuja na miongozo mipya ya kupanda vyeo ambayo ilitilia maanani utendakazi, nafasi zilizopo na mahojiano. Chama cha Walimu nchini (KNUT) kilikwenda mahakamani kupinga miongozo hiyo, na uamuzi uliotolewa Julai 2019 ukasababisha wanachama wake kuwekwa chini ya mfumo wa zamani huku wenzao wakilipwa kwa ule mpya. Mvutano huo uliwagharimu walimu wengi na chama chenyewe.

Hoja ya TSC haikuwa ya kubezwa. Kwa nini umma umlipe zaidi mwalimu wa fizikia kwa sababu amepata uzamili katika fani isiyomsaidia mwanafunzi wa fizikia? Kosa lilikuwa kuitupa chambo pamoja na ndoana. Badala ya kutofautisha shahada zinazoingia darasani na zile zisizoingia, mfumo ukawa hautoi ahadi kwa yeyote.

Tofauti hiyo ina ushahidi. Katika miaka ya 1990, watafiti Dan Goldhaber na Dominic Brewer walichunguza data za kitaifa za wanafunzi wa gredi ya 10 nchini Marekani, umri ule ule wa wanafunzi wetu wa sasa. Waligundua kwamba kwa jumla mwalimu kuwa na uzamili hakukuhusiana na matokeo bora ya wanafunzi. Lakini walipotenganisha masomo, picha ilibadilika. Wanafunzi wa hisabati waliofunzwa na walimu wenye shahada za hisabati, ya kwanza au ya uzamili, walifanya vyema zaidi. Katika sayansi, shahada ya kwanza ya sayansi ilionyesha manufaa pia.

Kwa maneno mengine, linalomfaidi mwanafunzi ni ujuzi wa somo ulio nyuma ya cheti. Serikali inayolipia vyeti vyovyote hupoteza fedha, na isiyolipia chochote hupoteza walimu.

Kuna nchi zilizolijua hili mapema. Ufini ilihamishia mafunzo ya walimu katika vyuo vikuu miaka ya 1970, na tangu mwishoni mwa muongo huo uzamili umekuwa sifa ya msingi ya mwalimu. Mwalimu wa somo katika shule za sekondari husoma mpango wa alama 300. Kwa kawaida alama 120 huwa za somo lake kuu, 60 za somo la pili na 60 za ualimu. Tazama mgawanyo huo: ualimu una nafasi yake, lakini somo halimezwi. Norway ilifuata mkondo kama huo mwaka wa 2017 ilipofanya mafunzo ya walimu wa shule za msingi kuwa ya miaka mitano yanayoishia kwa uzamili.

Ni kweli Ufini ni nchi tajiri yenye watu takriban milioni 5.6, na wanafunzi wake hawalipi karo ya chuo kikuu. Anayetaka sharti hilo liwekwe kesho katika nchi ambako walimu wahitimu huajiriwa kwanza kama wanagenzi kwa malipo duni atakuwa anajenga nyumba kuanzia paa. Sharti la lazima la uzamili kwa kila mwalimu wa sayansi lingefunga shule, hasa kaskazini mwa nchi.

Mfano wa Marekani unatufaa zaidi. Umoja wa Kisovieti uliporusha Sputnik mnamo Oktoba 1957, Wamarekani walishtuka na kuyakagua madarasa yao ya sayansi. Shirika la kitaifa la sayansi la nchi hiyo, ambalo tayari lilikuwa limeanza kuwafadhili walimu kurudi chuoni, lilipanua mpango huo kwa kasi. Walimu walisoma vyuoni wakati wa likizo ndefu ya kiangazi na walilipwa posho. Waliorudi kwa misimu kadhaa mfululizo waliweza kukusanya alama hadi kufikia uzamili.

Katika mkondo huo, vyuo kadhaa vilibuni shahada ya uzamili ya sayansi asilia kwa walimu. Masharti yake yalikuwa tofauti na yale ya mtafiti. Mwombaji alitakiwa awe mwalimu kazini. Alisoma zaidi ya tawi moja la sayansi, kwa sababu darasani hufundisha zaidi ya moja. Mradi mdogo uliohusu kazi yake uliweza kuchukua nafasi ya tasnifu kubwa. Na hakuna aliyelazimika kuacha kazi.

Kenya nayo haianzi na mikono mitupu. Katikati ya miaka ya 1960, kwa msaada wa Sweden, ilianzishwa Kenya Science Teachers College kando ya barabara ya Ngong, Nairobi. Chuo hicho kilijipatia sifa ya kuwatoa walimu waliojua kufundisha sayansi kwa vitendo, na hata kutengeneza vifaa vyao wenyewe. Mnamo 2007 kilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Nchi ilipata kampasi nyingine ya chuo kikuu, ikapoteza chuo kilichojua kazi yake.

Kisha kulikuwa na SMASSE. Mradi huo wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi ulianza mwaka wa 1998 katika wilaya tisa za majaribio kwa ushirikiano na shirika la maendeleo la Japani, JICA, na ukaenezwa kote nchini kuanzia 2003. Walimu walikusanywa wakati wa likizo, wakafunzwa kupunguza mihadhara na kuongeza majaribio, na kubuni vifaa kwa vitu vinavyopatikana kijijini. Kituo chake cha Karen, CEMASTEA, kimewafunza pia walimu kutoka mataifa mengine ya Afrika.

Udhaifu wa SMASSE haukuwa katika mafunzo. Ulikuwa katika kutohesabiwa. Mwalimu alitumia likizo yake mwaka baada ya mwaka, na mwishowe hakuwa na shahada wala ngazi mpya. Malalamiko kuhusu posho na vyeti yalisikika tangu mwanzo.

Kosa hilo lilijirudia kwa sura nyingine mnamo Septemba 2021, TSC ilipozindua mpango wa mafunzo ya kuendeleza walimu (TPD). Mpango huo ulikuwa na moduli sita, kila moja ya miaka mitano, na mwalimu alitakiwa kulipa Sh6,000 kila mwaka kutoka mfukoni mwake. Vyama vya walimu vilipinga. Wapo waliosema walimu hawataki kusoma, lakini maelfu ya walimu hao hao wamejilipia karo za vyuo vikuu kwa miaka mingi, wakisoma likizo ambazo wengine hupumzika. Walichokataa ni kutozwa ada ya mafunzo ya miaka 30 yasiyoishia kwa shahada.

Ukiyaweka mambo haya pamoja, njia inaonekana. Tuna kituo cha Karen chenye uzoefu wa mafunzo ya vitendo. Tuna vyuo vikuu vyenye maabara ambazo hupwaya wanafunzi wanapokuwa likizoni. Tuna walimu wanaotaka kusoma. Kinachokosekana ni shahada moja yenye masharti yanayomtambua mwalimu jinsi alivyo.

Masharti hayo yangeweza kuwa hivi. Mwombaji awe na shahada ya elimu ya sayansi, au shahada ya sayansi pamoja na stashahada ya uzamili ya ualimu, na awe amefundisha kwa angalau miaka mitatu. Daraja la pili la chini lisimfungie mlango, kwa kuwa kazi yake ya miaka hiyo ndiyo uzoefu unaohusika. Atakayeona pengo katika somo fulani alizibe ndani ya mpango wenyewe, si kabla ya kuingia.

Angalau thuluthi mbili za masomo ziwe za sayansi yenyewe, na angalau tawi moja liwe lile ambalo hakulisomea katika shahada ya kwanza. Hapo ndipo mwalimu wa biolojia na kilimo atakapoupata ule umeme. Masomo yafanywe wakati wa likizo kwa miaka mitatu, na kazi ya maabara iwe ya lazima kila msimu.

Tasnifu isifutwe, kwa sababu shahada isiyo na jasho haina heshima. Lakini utafiti ufanyiwe shuleni kwake. Mwalimu wa Kacheliba anaweza kupima madini katika maji ya visima vya eneo lake akiwa na wanafunzi wake, akapeleka sampuli chache Eldoret kuthibitisha vipimo. Hiyo ni kemia halisi, na wanafunzi 40 watakuwa wameiona ikifanyika.

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE), ambayo kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ndiyo yenye mamlaka ya kuidhinisha programu, ina uwezo wa kutambua shahada ya namna hii bila kuwashushia watafiti viwango. Ni shahada mbili kwa kazi mbili. Aliyesoma hii ya walimu akitaka baadaye kuwa mhadhiri wa kemia, atimize masharti ya wahadhiri.

TSC kwa upande wake inapaswa kufanya jambo moja gumu, nalo ni kumpandisha ngazi mwalimu mwenye shahada hiyo pasipo kumtoa darasani. Kama nchi inaweza kumlipa vizuri mwalimu kwa kusaini hundi za shule, haishindwi kumlipa kwa kufundisha kemia vyema. Na ili TSC isirudi kulipia karatasi tupu, nyongeza hiyo iambatane na vipindi anavyofundisha. Akiondoka darasani, aiache.

Swali la fedha haliepukiki. Hazina haina uwezo wa kumsomesha kila mwalimu. Inaweza kuanza na wachache, pengine walimu kumi kwa kila kaunti, yaani 470 kwa mwaka, ikizipa kipaumbele shule zenye mwalimu mmoja wa sayansi. Kila anayefadhiliwa atie saini ya kufundisha kwa miaka kadhaa baada ya kuhitimu na kuwaelekeza wenzake wa shule jirani. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na maabara zitakazojengwa na kubaki na vumbi kwa kukosa wa kuzitumia.

Jopo la Rais la mageuzi ya elimu, lililowasilisha ripoti yake Agosti 2023, liliongozwa na Prof Raphael Munavu, ambaye kitaaluma ni mwanakemia. Ripoti hiyo ilikiri kwamba walimu waliofunzwa chini ya mfumo wa zamani wanahitaji kuandaliwa upya. Tangu hapo, maandalizi mengi yamekuwa semina za siku chache. Semina humweleza mwalimu jinsi ya kujaza fomu za tathmini, lakini haiwezi kumfunza fizikia ambayo hakuisoma.

Mtihani wa mwisho wa KCSE unatarajiwa mwaka wa 2027. Mwaka unaofuata, wanafunzi walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 watakamilisha sekondari ya juu, na matokeo yao yatakuwa hukumu ya kwanza ya mtaala mpya. Mwalimu akianza uzamili wa miaka mitatu leo, hatahitimu kabla yao. Wanaoweza kumfaidi ni wadogo zao, ilimradi mtu aanze kuandika upya masharti hayo sasa. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Mwalimu wetu wa sayansi tumemwekea ngazi ambayo kila kidato chake kinampeleka mbali na meza ya maabara.